Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Sakafu ya Kitalu Nyumba Minnesota

Anayejenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yake huko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani lenye baridi kali, iwe ni kwa ajili ya nyanya au ya sukuma wiki na mchicha ambavyo Waafrika Mashariki wengi hawapendi kuvikosa, kwa kawaida huanza kufikiria paa, vioo na mlango. Ushauri wangu ni kwamba aanze na sakafu, na kabla ya kuuliza ni zege au kokoto, aulize kwanza maji yaliyo chini ya sakafu hiyo yatakwenda wapi.

Kanuni za ujenzi za jimbo hilo zinataka misingi ya majengo ishuke inchi 42, yaani takriban sentimita 107, katika maeneo ya kusini likiwemo jiji la Minneapolis, na inchi 60, yaani takriban sentimita 152, katika maeneo ya kaskazini. Vina hivyo vimewekwa kwa sababu ardhi huganda, na udongo unapoganda huyavuta maji kutoka chini, yakajijenga kuwa matabaka ya barafu yenye nguvu ya kuinua zege, matofali na nguzo. Mfinyanzi na udongo wenye chembe laini ndio unaoinuka zaidi, kwa kuwa hupandisha maji kwa urahisi; kokoto zilizooshwa hazina tabia hiyo. Kwa hiyo mtu achimbe shimo la sentimita 30 mahali anapokusudia kujenga, alijaze maji, ayaache yaishe, kisha alijaze tena na kupima: yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, ardhi inapitisha maji vizuri, yakituama hadi kesho yake, kinahitajika kiwanja kingine au mfereji wa kuyatoa. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwani mwishoni mwa majira ya baridi theluji huyeyuka juu wakati ardhi ya chini bado imeganda, na maji hayana pa kupenya. Mahali panapogeuka dimbwi mwezi Machi au Aprili pasijengwe, hata kama Julai panaonekana pakavu kabisa.

Suala linalofuata ni mimea itakaa wapi. Ikiwa itapandwa ardhini moja kwa moja, kinachohitaji kufunikwa ni njia ya kupita tu, na ni makosa kuzika udongo mzuri chini ya zege. Ikiwa itakaa kwenye vyungu juu ya meza, eneo lote linaweza kuwekewa sakafu, ila upana wa njia uendane na toroli.

Kwa kitalu nyumba kisichopashwa joto, mimi napendelea kokoto, na sababu yake si bei pekee. Kokoto hupitisha maji ya kumwagilia, na ardhi ikiinuka nazo huinuka bila kupasuka, kisha hurudishwa sawa kwa reki. Zichaguliwe zilizovunjwa zenye kingo, za ukubwa wa takriban sentimita 2, kwa sababu hushikana, ilhali za mviringo huteleza chini ya miguu na magurudumu. Unene wa sentimita 10 hadi 15 unafaa, na chini yake kitandikwe kitambaa imara kinachopitisha maji ili kokoto zisizame kwenye tope. Karatasi ya plastiki haifai, maana itayazuia maji yale yale tunayotaka yaondoke. Katikati zinaweza kupangwa slabu za zege za kukanyagia.

Zege lina nafasi yake pale penye joto la kudumu, kwani hunywa joto la mchana na kulitoa usiku, lakini bila povu gumu la polistireni, yaani plastiki nyepesi ya kuzuia joto lisipotee, chini na pembeni joto hilo huishia ardhini. Liagizwe la aina yenye viputo vidogo vya hewa, linalostahimili kuganda na kuyeyuka, lipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na lisimwagwe kamwe juu ya ardhi iliyoganda. Matofali yawe yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya nje kwenye baridi kali, kwani matofali laini hubanduka vipande. Mbao huoza na kuteleza. Mataruma ya zamani ya reli, yaliyolowekwa kriosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao zisioze, yasiingizwe kabisa mahali pa kulima chakula.

Sakafu yoyote itakayochaguliwa, ukingo wake unahitaji kinga. Povu gumu lenye unene wa sentimita 5, likizikwa wima kuzunguka kitalu hadi kina cha sentimita 60, hupunguza joto linalovuja pembeni; sehemu inayobaki juu ya ardhi ifunikwe, kwa kuwa jua huiharibu. Chumvi ya kuyeyushia barafu isitumike mlangoni, kwani hula zege na kudhuru mizizi.

Siku chache za kazi kabla ya kuchimba, ipigwe simu namba 811, huduma ya bure inayowaleta wataalamu kuonyesha mabomba na nyaya zilizofukiwa, na mji uulizwe kama kibali kinahitajika. Kitalu cha mita 3 kwa 4 chenye kokoto za sentimita 10 kinahitaji mita za ujazo 1.2, uzito wa karibu tani 2, na ni busara mzigo huo uingizwe kabla kuta hazijasimamishwa, kwani baadaye kila kokoto itapitia mlangoni kwa toroli.