Kabla ya Kufungua Dawa ya Ukungu: Mambo ya Kuzingatia kwa Mkulima wa Stroberi

Stroberi haimenywi wala haipikwi. Huchumwa asubuhi, hupangwa katika vikasha vya gramu 250, na pengine kabla ya jua la kesho kuzama mtu amekwisha kuila na ngozi yake, pamoja na chochote kilichopulizwa juu yake. Tena haivunwi kwa mkupuo mmoja kama mahindi. Shamba lililo katika msimu wake huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, huku mche uleule ukiwa na ua lililochanua, tunda bichi na tunda lililoiva. Mambo hayo mawili ndiyo yanayofanya matumizi ya viuakuvu, yaani dawa za ukungu, kwenye zao hili yawe na ugumu ambao mkulima wa viazi hakuuzoea, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya usalama iamuliwe kabla bomba halijatiwa maji. Maelezo yanayofuata yanamlenga zaidi mkulima mdogo wa nyanda za juu zenye baridi, kama vile Limuru nchini Kenya au Lushoto nchini Tanzania, mwenye robo eka na bomba la mgongoni.

Kabla ya kwenda dukani, mkulima ahakikishe kwamba anachokiona shambani ni ugonjwa wa kuvu na autambue ni upi. Ukungu wa kijivu, unaosababishwa na kuvu iitwayo Botrytis cinerea, ndio unaoharibu matunda mengi zaidi wakati wa masika na katika baridi ya kipupwe, maana hustawi pale ambapo hali ya hewa ni ya ubaridi wa wastani na maua hubaki na unyevu kwa saa nyingi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuvu hii huingia kupitia ua, ikajificha ndani ya tunda changa bila kuonyesha dalili yoyote, kisha ikajitokeza tunda linapoiva. Kwa hiyo anayeanza kupuliza baada ya kuona matunda yaliyofunikwa na vumbi la kijivu anapigana na vita iliyokwisha kupiganwa wiki tatu au nne zilizopita, na tena anaweka dawa kwenye tunda wakati mbaya kuliko wote, yaani siku chache kabla ya kuliwa. Ubwiri unga ni tofauti: kingo za majani hujikunja kuelekea juu kama kikombe, unga mweupe huonekana upande wa chini, na ugonjwa hauhitaji majani yaliyolowa, ndiyo maana husumbua hata ndani ya kitalu nyumba ambamo mvua haifiki. Chule nayo huacha mashimo ya rangi ya kahawia au nyeusi yaliyobonyea kwenye tunda, na husambazwa na matone ya mvua yanayoruka kutoka tunda hadi tunda. Majani yanayobadilika rangi na kuwa kama shaba, yenye utando mwembamba chini yake, kwa kawaida yana utitiri, na utitiri hauuawi na dawa ya ukungu hata ungepuliza pipa zima.

Usafi wa shamba nao hutangulia dawa. Matunda yaliyooza yatolewe nje ya shamba na kufukiwa, wala yasiachwe kati ya matuta. Majani makuukuu yapogolewe ili hewa ipite. Matandazo yawekwe ili tunda lisiguse udongo. Na umwagiliaji wa matone upendelewe kuliko wa kunyunyiza juu ya majani. Shamba lililosongamana na kujaa matunda mabovu litaishinda dawa yoyote.

Katika ununuzi, swali la msingi ni kama dawa imesajiliwa, na kama imesajiliwa kwa ajili ya stroberi. Nchini Tanzania usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na nchini Kenya uko chini ya bodi inayosimamia bidhaa za kudhibiti wadudu na magonjwa ya mimea, inayojulikana kwa kifupi kama PCPB. Mwenye duka la pembejeo anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akakupa dawa ya bakajani ya viazi, kwa sababu ndiyo anayoiuza kila siku. Dawa hiyo huenda ikaua kuvu, lakini kipimo chake na siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna havikupangwa kwa tunda linaloliwa bichi. Chupa au pakiti iwe imefungwa kiwandani, iwe na lebo inayosomeka, nambari ya usajili na tarehe ya mwisho ya matumizi. Dawa iliyopimwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda au mfuko wa plastiki isinunuliwe hata ikiwa nusu ya bei, kwani anayeinunua hanunui lebo, na bila lebo hakuna hata moja kati ya mambo yaliyoelezwa hapa linaloweza kutekelezwa. Utepe wa rangi ulio chini ya lebo nao usipuuzwe: mwekundu ni sumu kali, wa njano ni ya wastani yenye kudhuru, wa buluu inahitaji tahadhari, na wa kijani ina hatari ndogo zaidi, ambayo si sawa na kusema haina hatari. Anayelima kwa ajili ya mnunuzi anayesafirisha nje amuulize kwanza orodha ya dawa anazozikubali, kwa sababu katika Umoja wa Ulaya kiambato cha dawa kisichowekewa kiwango maalumu huruhusiwa kubaki kwenye tunda kwa kiasi kisichozidi miligramu 0.01 kwa kilo, na mankozebu, ambayo kwetu ni dawa ya kila duka, iliondolewa huko kwa uamuzi wa mwaka 2020.

Sasa tuje kwenye kalenda ya kuchuma, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuchagua dawa kuliko kitu kingine chochote. Kila lebo hutaja idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kupuliza na kuvuna. Tuseme siku hizo ni 14. Kwa mkulima wa mahindi hiyo si taabu. Kwa mkulima wa stroberi anayechuma kila siku ya pili, maana yake ni michumo sita au saba ya kutupa, na tusidanganyane, hakuna atakayeitupa. Atachuma na atauza. Kwa hiyo kumwambia mkulima azingatie siku za kusubiri bila kumsaidia kupanga ni kumwachia mtihani ambao ataufeli. Njia inayowezekana ni kugawa dawa kwa hatua za zao: zile zenye siku nyingi za kusubiri zitumike mapema, miche inapokuwa na majani tu au maua ya kwanza yanapofunguka, kwa kuwa kutoka ua hadi tunda lililoiva huchukua takriban mwezi mmoja, na katika baridi kali huweza kuzidi, na zile ambazo lebo yake inaruhusu kuvuna baada ya siku moja hadi tatu ziwekwe akiba kwa kipindi cha kuchuma. Siku ya kupuliza, matunda yote yaliyoiva na yanayokaribia kuiva yachumwe kwanza asubuhi, kisha dawa ifuate alasiri, ili mchumo unaofuata uangukie nje ya siku za kusubiri. Anayeweza kugawa shamba katika sehemu mbili na kuzipuliza kwa zamu ataendelea kuwa na mzigo wa sokoni wiki nzima. Siku za kusubiri zisichanganywe na muda wa kuingia tena shambani, ambao pia huwa kwenye lebo: ule wa kwanza humlinda mlaji, huu wa pili humlinda mchumaji anayeinama na kushika majani kwa mikono mitupu.

Kuna mtego mwingine katika kuchagua. Ukungu wa kijivu ni hodari wa kuzoea dawa. Tayari katika miaka ya 1970 ulikuwa umeanza kuzishinda dawa za kundi ambalo karbendazimu imo. Tahadhari inayojulikana ni kubadilisha dawa, lakini wengi hubadilisha jina la biashara tu, wakanunua chupa mbili za rangi tofauti zenye kiambato kimoja ndani. Kinachopaswa kubadilishwa ni kundi, yaani namna dawa inavyoishambulia kuvu, na lebo nyingi huonyesha kundi hilo kwa namba: azoksistrobini ni kundi la 11, dawa za jamii ya triazoli ni kundi la 3, karbendazimu ni kundi la 1. Zile zenye herufi M, kama vile kaptani, salfa na shaba, hushambulia kuvu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, hivyo kuzoewa kwake ni kwa nadra. Lakini hukaa juu ya jani bila kupenya ndani, kwa hiyo ni za kinga na si za tiba. Salfa hufaa dhidi ya ubwiri unga, ila ikipulizwa kwenye jua kali huunguza majani, na haipaswi kupulizwa siku za karibu na dawa zenye mafuta.

Kipimo kisiamuliwe kwa kifuniko cha chupa. Pima eneo la mita 10 kwa 10, tia kwenye bomba maji matupu ya kiasi unachokijua, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uone yametumika maji kiasi gani. Ikiwa zimetumika lita 5, basi robo eka, ambayo ni karibu mita za mraba 1,000, itahitaji lita 50, yaani mabomba matatu ya lita 15 na lita 5 za mwisho. Kwa dawa ambayo lebo yake inataja, kwa mfano, kilo moja kwa hekta, robo eka ni gramu 100: gramu 30 kwa kila bomba lililojaa na gramu 10 kwa lita tano za mwisho. Lebo ikitaja kiasi kwa lita 20 ilhali bomba lako ni la lita 15, tumia robo tatu ya kiasi hicho. Zoezi hilo la maji matupu lina faida nyingine, kwamba bomba linalovuja hujulikana likiwa na maji na si likiwa na dawa mgongoni mwako.

Mavazi yaandaliwe jana yake: ovaroli au shati la mikono mirefu na suruali, gambuti ambazo suruali hushuka nje yake na si kuchomekwa ndani, glavu za mpira zisizonyonya maji, miwani ya kufunika macho na barakoa ya aina inayotajwa kwenye lebo. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko kutovaa kabisa, kwa kuwa hulowa dawa na kuishikiza kwenye ngozi. Wakati wa hatari zaidi ni wa kuchanganya, kwa sababu hapo dawa bado haijazimuliwa. Kaptani hasa hudhuru macho vibaya, kwa hiyo miwani ivaliwe kabla ya kufungua pakiti. Mchanganyiko ufanyike nje, mbali na kisima, mto na jikoni, kwa ndoo na kijiti visivyotumika kwa kazi nyingine, na watoto na wajawazito wasiwepo. Bomba lijazwe maji nusu, dawa iliyokorogwa kwenye ndoo iongezwe, ndipo maji yajazwe. Mahali ambapo maji yana magadi, kaptani huvunjika haraka, hivyo usichanganye asubuhi dawa ya kupuliza jioni.

Kuhusu saa ya kupuliza, shauri mbili hugongana. Stroberi hutoa maua kwa muda mrefu na nyuki huyatembelea tangu jua linapochomoza hadi alasiri, kwa hiyo jioni ndiyo salama kwao, hasa ikiwa dawa ni ya kundi la 3, ambayo ikichanganywa na baadhi ya dawa za wadudu huzidisha sumu yake kwa nyuki. Lakini majani yanayolala yamelowa huukaribisha ukungu uleule unaofukuzwa. Suluhisho la kati ni kuanza nyuki wanapopungua, huku kukiwa bado na saa moja au mbili za majani kukauka kabla ya giza. Upepo uwe hafifu, mvua isiwe karibu, na mpulizaji atembee upepo ukimtoka upande au mgongoni.

Yafikiriwe pia mapema yatakayofuata kupuliza. Sabuni na maji ya kuoga viwe tayari, na nguo zile zifuliwe peke yake. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe kwenye bomba na kupulizwa shambani, kisha itobolewe ili isije ikabebea mafuta ya taa au maziwa. Dawa iliyobaki ihifadhiwe ndani ya chombo chake cha asili, katika kabati lenye kufuli. Mtu akipatwa na kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya macho, aondolewe kwenye dawa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na apelekwe hospitali pamoja na lebo. Asitapishwe wala kunyweshwa maziwa kwa desturi tu, kwa sababu baadhi ya dawa hudhuru zaidi zinaporudi.

Daftari nalo liwe na jina la dawa, kundi lake, kiasi, sehemu ya shamba, tarehe ya kupuliza na tarehe ya kwanza inayoruhusiwa kuchuma. Tarehe hiyo ya kuchuma iandikwe pia kwa herufi kubwa kwenye kibao kinachosimikwa mwanzoni mwa tuta, kwa sababu anayeingia kuchuma alfajiri mara nyingi siye aliyebeba bomba jana yake.