Andiko la hela za utafiti: anza na bajeti na sahihi, utangulizi utakuja wenyewe

Wengi wetu tukiona wito wa maandiko tunafungua lepotopu tunaandika "1.0 Utangulizi", wiki nzima inaisha tunapamba aya ya kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, wiki ya tatu ndo tunakumbuka kumbe kuna bajeti, alafu siku ya mwisho tunakimbizana na sahihi korido nzima na Mkuu wa Idara yuko Dodoma kwenye kikao. Mi nimefanya hivyo miaka kadhaa na nimekosa hela miaka hiyohiyo. Siku hizi naanzia mwisho narudi mbele, na hapa naandika kwa ajili ya mhadhiri msaidizi au mwanafunzi wa PhD ambaye ndo anaingia ulingoni, zaidi kwa huku Tanzania ila mwenzetu wa Kenya nae atajiona humu.

Kwanza soma wito wote, sio ule ukurasa wa mbele wenye kiasi cha pesa tu. Tafuta nani anaruhusiwa kuomba, kurasa mwisho ngapi, na maksi zinagawanywaje. Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano wanatoa maksi 15, yani 5 ubora wa wazo, 5 matokeo kwa jamii, 5 utekelezaji, na kawaida ukipata chini ya 3 kwenye kipengele kimoja au chini ya 10 kwa jumla umetoka. Sasa we umeandika kurasa kumi na mbili za nadharia na nusu ukurasa wa utekelezaji, unategemea nini hapo?

Afu angalia saa. Hao hao wanafunga saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 1 usiku wakati wa baridi yao na saa 12 jioni wakati wa kiangazi chao. Na tusivyosoma saa kama wazungu, mtu anaona 17:00 anasoma saa 5 usiku, anakunywa chai taratibu, anarudi mfumo umeshafungwa. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani zinazofadhili utafiti, wao wanafuata saa 11 jioni ya pale taasisi yako ilipo, angalau hapo hakuna hesabu.

Kabla hujaandika neno nenda ofisi ya utafiti ya chuo. Uliza mambo matatu tu: chuo kimesajiliwa kwenye mfumo wa huyo mfadhili, nani anasaini kwa niaba ya chuo, na anataka kuona andiko siku ngapi kabla. La usajili usilichukulie poa. Kwa hela za serikali ya Marekani taasisi lazima iwe hai kwenye SAM.gov, tovuti yao ya kusajili wanaoomba hela hizo, na usajili unahuishwa kila mwaka, ukikuta umeisha inaweza kuchukua wiki kadhaa kuurudisha na hakuna mtu wa kumbembeleza. Sahihi nayo ni hivyohivyo, mwombaji kwenye karatasi sio wewe, ni chuo, ndo maana mkubwa anayesaini lazima aone. Mi namwambia mapema "Prof, tarehe 10 nitakuletea", nampa na ukurasa mmoja wa muhtasari, maana kurasa arobaini hasomi mtu.

Huo ukurasa mmoja ndo kitu cha kwanza kuandika. NIH wana ukurasa wao wa malengo mahsusi, kikomo ni ukurasa mmoja kamili, na hata kama huombi kwao uibe huo utaratibu: tatizo ni nini, nini hakijulikani, utafanya nini, malengo mawili au matatu, nani atafaidika. Ukishaandika mpe mtu wa idara nyingine kabisa, mi huwa nampa jamaa mmoja wa uhasibu, akirudi ananiuliza "kwahiyo mnataka kujua nini hasa?" basi najua bado.

Haya, bajeti. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nilipoumbuka.

Andiko langu la kwanza la maana lilikuwa la kaya za wakulima, mbinu nimeandika vizuri kabisa, kaya 400, dodoso la saa moja na nusu, vijiji nane. Kwenye bajeti nikaweka wahojaji 6 kwa siku 10 kwa sababu siku 10 ilionekana namba nzuri. Mpitiaji mmoja, yani mtaalamu anayesoma na kutoa maksi kwa niaba ya mfadhili, akapiga hesabu ambayo mi sikupiga: mhojaji kijijini akijitahidi sana anamaliza kaya 4 kwa siku, sita mara nne mara kumi ni 240. Akaandika mstari mmoja tu, "Kaya 160 zilizobaki atazihoji nani?" Nilikaa na ile karatasi siku nzima.

Kwahiyo sasa bajeti naijenga kutoka kwenye mbinu, sio kutoka kwenye kiasi ambacho mfadhili anatoa. Kaya 400 gawanya kwa 4 ni siku 100 za mhojaji, gawanya kwa watu 6 ni kama siku 17, ongeza siku 2 za mafunzo na 1 ya kujaribisha dodoso, ishafika 20. Usisahau dereva, nae anakula na analala. Dizeli ya kwenda na kurudi na ya kuzunguka vijijini ni vitu viwili tofauti. Na kuna zile siku za barua: chuo kinakupa barua, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unashushwa wilayani, halmashauri, kata, ndo ufike kwa mtendaji wa kijiji, na kote huko unaenda kwa miguu yako na muda wako. Weka siku za barua kwenye ratiba, asiyeweka tunamjua kuwa hajawahi kwenda fildi.

Kingine ni ovahedi, yani ile asilimia inayobaki chuoni. Uliza ni asilimia ya nini. Mfadhili akisema kikomo ni milioni 100 na ovahedi ni asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, yani hela ya kazi yenyewe, watu wanaweka 90 na 10. Sio hivyo, 10 juu ya 90 ni asilimia 11 na kitu, umeshavuka. Unagawanya 100 kwa 1.1, unapata milioni 90.9 za kazi na 9.1 za chuo. Mtu wa fedha wa chuo aione kabla ya kuaplodi, na aione kwenye Excel yenye fomyula, sio pidiefu.

Vibali usiseme "vitaombwa baadae" ukaishia hapo. Utafiti wa afya Tanzania bara kibali cha maadili cha kitaifa kinatoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), Zanzibar wana utaratibu wao, Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi. Kama sampuli za damu zinatoka nje ya nchi kuna mkataba wake wa kuzihamisha. Na kama unakusanya majina na namba za simu, taja kabisa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na useme zitatunzwa wapi na nani ana nywila. Weka ada na miezi ya kusubiri kwenye ratiba.

Watafiti wenza waombe sivii wiki ya kwanza, kwenye grupu la WhatsApp wote watajibu "nakutumia leo", hiyo leo ni wiki mbili.

Kutuma: siku mbili kabla, usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Ukishatuma pakua kile kilichopo kwenye mfumo ukisome chote, sio kilichopo kwenye mashine yako, mi nshakuta jedwali la bajeti limekatika katikati. Bado una muda wa kutuma upya, mingi ya mifumo inachukua toleo la mwisho. Hifadhi imeili ya uthibitisho.

Ukikosa, maoni ya wapitiaji yasome mara moja, funga, rudi baada ya wiki ukiwa hujakasirika. Lile la kaya 400 nililituma tena mwaka uliofuata kwa mfadhili mwingine, siku 20, dereva yumo, barua zimo. Tulipata, ila hela ya printa waliikata.