Jinsi ya Kujenga Taaluma ya Uprofesa katika Mawasiliano baina ya Tamaduni na Balagha

Chagua mapema swali la utafiti linalozihitaji taaluma zote mbili. Balagha, ambayo Aristotle aliiandikia kitabu katika karne ya 4 KK, huchunguza namna msemaji anavyoishawishi hadhira yake. Mawasiliano baina ya tamaduni ni uwanja mchanga, uliopata msukumo mkubwa kutoka kwa Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyewafunza wanadiplomasia wa nchi yake kabla ya kuchapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1959. Swali lenye uhai hupatikana pale hoja iliyokubalika kwa hadhira moja inapokataliwa na nyingine.

Jambo litakalojenga au kubomoa jina lako ni data. Mwaka 1966 Robert Kaplan, mwanaisimu wa Marekani, alichunguza insha za Kiingereza za wanafunzi wa kigeni, akadai kwamba jamii za lugha mbalimbali hupanga hoja kwa njia tofauti. Wakosoaji wake walisema, na naona walikuwa na haki, kwamba insha ya mtu anayejifunza lugha haitoshi kuonyesha anavyojenga hoja katika lugha yake ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kuanza uzamivu, jifunze lugha nyingine hadi uweze kusoma hotuba na mahubiri yake bila mkalimani. Linganisha matini za aina moja, zilizolenga hadhira zinazofanana. Kisha, inapowezekana, wahoji waandishi wenyewe. Vipimo vya tamaduni vya Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi, vilivyotokana na hojaji za wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM na kuchapishwa mwaka 1980, vinalinganisha wastani wa mataifa, hivyo usivitumie kueleza tabia ya mtu mmoja.

Tasnifu ikishapita, toa makala kutoka katika sura zake zenye nguvu, na uyasome matoleo ya karibuni ya jarida kabla ya kulipelekea mswada. Darasani, wape wanafunzi hotuba halisi waichambue badala ya orodha za mila za mataifa, kwa maana orodha hizo huwafundisha kubahatisha tabia za watu.

Wakati wa kuomba kupandishwa cheo, ambatisha maelezo mafupi ya jinsi machapisho yako yanavyohusiana, kwa sababu huenda mtathmini wa nje akawa mtaalamu wa balagha asiyezoea mbinu za hojaji na mahojiano, au mtaalamu wa tamaduni asiyezoea uchambuzi wa matini.