SOMO: Kumfundisha mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili kununua kitu dukani

Walimu wenzangu, habari za kazi. Wengi mmekuwa mkiomba shughuli za kufanya kwenye vitengo vya elimu maalumu, hasa kwa wanafunzi wenye ulemavu wa akili na usonji. Sitawapa orodha ndefu. Nimechagua kazi moja tu, kununua kitu dukani, kwa kuwa ndani yake mna hesabu, mna lugha, mna kusubiri zamu, na matokeo yake mzazi atayaona kwa macho yake. Kuna vitengo ambako watoto wanapaka rangi picha ya embe tangu Januari hadi Desemba. Sisemi kupaka rangi ni kubaya, ila embe lenyewe linauzwa hapo nje ya geti.

Hatua ya 1: Ikate kazi vipande

Nenda dukani mwenyewe, nunua kiberiti, kisha andika kila ulichofanya. Utashangaa: kushika pesa, kufika dirishani, kusubiri aliyetangulia, kusalimia, kutaja kitu, kutoa pesa, kupokea kitu, kungoja chenji, kuitia mfukoni, kuondoka. Sisi tunaiona kazi moja, kumbe ni kumi. Mwanafunzi anayekwama huwa amekwama kwenye kipande kimoja au viwili, si kazi nzima. Mwangalie akijaribu, ujue ni kipi.

Hatua ya 2: Sarafu, moja moja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tumia pesa halisi. Zile za karatasi tunazochora wenyewe hazina uzito wala mlio, na mtoto akizizoea huanza upya akikutana na za kweli.

Watoto wengi hushika mnyama kabla ya tarakimu, na pesa zetu za Tanzania zimejaa wanyama: sarafu ya shilingi 50 ina kifaru, 100 ina swala, 200 ina simba, 500 ina nyati. Lakini angalia mtego uliopo. Simba yupo pia kwenye noti ya 2000, na kifaru yupo kwenye noti ya 5000. Ukimzoesha mtoto kwamba "simba ni mia mbili", siku moja atatoa elfu mbili kwa andazi la mia mbili, na kwa mujibu wa somo lako atakuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo mtumie mnyama kama mlango wa kuingilia tu, kisha mpeleke kwenye ukubwa, rangi na tarakimu. Noti na sarafu zenye mnyama mmoja zisifundishwe wiki moja.

Mazoezi mawili yanayofanya kazi: la kwanza, weka sarafu chini ya karatasi, mwanafunzi asugue juu kwa penseli hadi picha itokeze, halafu aitafute sarafu hiyohiyo kwenye kopo. La pili, weka sarafu ya 200 kati ya vifuniko vya soda na vifungo, aitoe. Akiweza, ongeza sarafu ya 100. Msikimbilie kuchanganya zote nne. Na kwa kuwa mtaani atasikia "jero" (mia tano) na "buku" (elfu moja), mpe na majina hayo.

Hatua ya 3: Duka darasani, ukianzia mwisho

Dawati moja, maboksi matupu ya chai na sabuni, basi duka limefunguliwa. Mara ya kwanza fanya vipande vyote wewe, yeye abakishiwe kile cha mwisho tu: kuondoka na kitu chake. Akikimudu, abakishiwe viwili vya mwisho, halafu vitatu, mkirudi nyuma hivyo hadi mwanzo. Faida yake ni kwamba kila zoezi linaishia mtoto akiwa na kitu mkononi. Ukianzia mwanzo, atachoka katikati na atakumbuka kuchoka tu. Kitu chenyewe kiwe anachokipenda; hakuna mtoto atakayejitahidi kununua boksi tupu kila siku.

Hatua ya 4: Punguza msaada

Ngazi ni hizi: kumshika mkono, kumgusa kiwiko, kuonyesha kwa kidole, kisha kunyamaza. Kabla ya kusaidia, hesabu moyoni hadi tano. Maneno yatumie kidogo sana. Mwalimu akisema "toa pesa" kila mara, mtoto hujifunza kungoja sauti ya mwalimu, na msaada wa sauti ni mgumu kuuondoa kuliko wa kidole. Kwenye daftari andika herufi kwa kila kipande: M kwa mkono, K kwa kidole, P kwa peke yake. Inatosha.

Hatua ya 5: Duka la kweli

Ongea na muuza duka mapema, umwombe asimharakishe mtoto na asikuangalie wewe. Nenda na mwanafunzi mmoja au wawili, saa ambayo duka halina watu, nawe simama nyuma.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanafunzi wangu hasemi kabisa. Atatajaje kitu?*
Kata ganda la pakiti ya kitu chenyewe, libandike kwenye kadibodi, ampe muuzaji. Kadi hiyo ni sauti yake, kwa hiyo aitumie na nyumbani pia.

*Mwalimu, wangu anatia kila kitu mdomoni, naogopa sarafu.*
Uko sahihi kuogopa, anaweza kupaliwa. Huyo aanze na noti, tena uwe umekaa naye ubavuni. Vifuniko na vifungo visifike mezani kwake.

*Hajui kutoa wala kujumlisha, chenji atajuaje?*
Asihesabu chenji kwanza. Mfundishe kwamba kitu chochote kisichofika elfu moja anatoa buku, kisha anangoja mkono wa muuzaji urudi. Kosa kubwa la hatua hii huwa ni kuondoka mapema, si hesabu, kwa hiyo fanyia mazoezi kule kungoja.

*Nipo darasa jumuishi, wanafunzi ni wengi mno na huyu ni mmoja. Nafanyaje?*
Duka liwe la kipindi cha Hisabati kwa darasa zima. Wenzake wapige hesabu za chenji, yeye awe mnunuzi, na mwenzake mtulivu awe muuzaji. Usimtenge kona ya nyuma na kopo lake.

*Nafundisha Kenya. Wanyama wetu ni wengine.*
Ndiyo, sarafu zilizotolewa 2018 zina twiga kwenye shilingi 1, kifaru 5, simba 10 na tembo 20. Lakini za zamani zenye sura za marais bado zinazunguka, kwa hiyo thamani moja ina nyuso mbili. Anza na mpya, kisha tengeneza zoezi la kuzipanga mpya na za zamani pamoja, kikombe kimoja kwa kila thamani.

*Mama yake anasema hawezi kumtuma, watamwibia.*
Usibishane naye. Mwalike siku ya duka la kweli, asimame na wewe huku nyuma aone.