Fuata Maji ya Mvua: Kununua na Kutunza Yoti ya Mbao ya Zamani

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayetaka kununua yoti ya mbao iliyokwisha kula miaka arobaini au hamsini aanzie hapo: imeundwa kwa mbao gani, imefungwa kwa misumari gani, na nani ameitia mkono tangu siku hiyo. Vanishi inayong'aa na magodoro mapya huweza kuwekwa wiki moja kabla ya kuuza. Mataruma, yaani mbavu za ndani zinazoshikilia mbao za ubavu, hayabadilishwi kwa wiki moja.

Mimi ni seremala wa vyombo, na watu huniomba niwasindikize wanapokwenda kutazama yoti. Neno ninalowaambia kwanza huwashangaza wengi: mbao hizo haziozeshwi na bahari, zinaozeshwa na mvua. Chumvi huidhoofisha kuvu inayoozesha mbao. Mbao iliyozama muda wote haina hewa ya kuilisha kuvu hiyo, na mbao kavu, iliyo chini ya asilimia 20 ya unyevu, haiozi. Inayooza ni ile iliyoloa maji matamu mahali pa kujificha, pasipopita upepo. Kwa hiyo ukipanda chomboni, chagua tone moja la mvua kichwani mwako, ulifuate linakoshuka.

Linaanzia kwenye sitaha, sakafu ya juu ya chombo. Kila bolti iliyopenya sitaha ni mlango: nguzo za reli, winchi, vyuma vya pembeni vinavyoshika nyaya za mlingoti. Angalia pia pale ukuta wa chumba unapokutana na sitaha, na kona za chini za madirisha. Ukishaziona sehemu hizo kwa juu, ingia ndani uzitazame kwa chini. Doa jeusi, rangi iliyovimba, harufu ya uyoga: hapo maji yamekuwa yakipita kwa miaka. Fungua makabati yote, hasa lile ambalo muuzaji anasema halina kitu. Gonga mbao kwa kishikio cha bisibisi. Nzima hulia, iliyooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Mwenyewe akikuruhusu, jaribu kwa ncha. Nenda kwenye miisho ya mihimili ya sitaha inapokaa juu ya ubavu, kisha kona za ubao wa tezi, kwa kuwa maji mengi hukimbilia nyuma na kutuama huko.

Mwisho wa safari ya tone ni ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika. Ukikuta maji humo, na hayana mafuta, tia tone ulimini. Yakiwa ya chumvi, yanatoka chini; yakiwa matamu, sitaha inavuja, na mimi hayo matamu ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi.

Baada ya maji, vyuma. Hapa ndipo yoti nyingi nzuri huisha thamani, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Yoti iliyofungwa kwa ribiti za shaba au parafujo za bronzi ina maisha marefu. Iliyofungwa kwa misumari ya chuma ina saa inayohesabu, hasa ikiwa mataruma ni ya mwaloni, maana asidi ya mwaloni na chuma hulana: msumari unakonda, na mbao inayouzunguka inageuka nyeusi na laini. Simama mbali kidogo utazame ubavu wakati jua limelala. Mistari ya kutu inayotokeza kwenye rangi kwa safu, kufuata mataruma, inakuambia kwamba si msumari mmoja uliochoka. Kuwa macho na shaba ya manjano chini ya maji. Zinki yake huliwa, ikabaki parafujo ya rangi ya waridi inayovunjika kwa vidole.

Bolti zinazoshikilia uzito wa risasi au chuma chini ya mkuku, ule uti wa mbao unaopita chini ya chombo kutoka mbele hadi nyuma, lazima zikaguliwe. Kichwa cha bolti kinaweza kuwa kizuri na nati ikawa nzuri, huku katikati, kwenye mshono kati ya mbao na uzito, imeliwa ikabaki nyembamba. Ichomolewe moja au mbili, au zipigwe eksirei. Muuzaji akikataa kabisa, hesabu katika bei yako kwamba zote ni za kubadilisha.

Kuna jambo ambalo hata wenye vyombo wengi hawalijui. Vipande vya zinki vinavyowekwa kulinda vyuma vikizidi, hasa kwenye yoti ambayo vyuma vyake vyote vimeunganishwa kwa waya, umeme mdogo unaozaliwa hutengeneza alikali kwenye mbao inayozunguka chuma kinacholindwa. Mbao huwa laini, yenye nyuzinyuzi, na unga mweupe hujitokeza. Mtu anaongeza zinki akidhani anakiokoa chombo, kumbe anaila mbao yake.

Kisha umbo. Yoti ikiwa nchi kavu, rudi nyuma uutazame mkuku na mstari wa ukingo wa juu. Mstari ule uwe na mpindo mmoja laini kutoka omo hadi tezi. Ukiona kinundu katikati, au ncha zote mbili zimeinama, uti umechoka. Ndani, pitisha mkono kwenye mataruma pale ubavu unapojikunja kwenda chini. Taruma lililokunjwa kwa mvuke hupasuka hapo. Mawili matatu yaliyotawanyika ni kazi ya kawaida. Yakiwa mengi, yamepasuka kwenye mstari mmoja, usinunue kama huna fundi na muda mrefu.

Yoti iliyovalishwa faibaglasi juu ya mbao za zamani mimi huiacha. Mbao huvimba na kusinyaa, faibaglasi haifanyi hivyo. Inabanduka, na maji yanayoingia katikati hayana pa kutokea.

Injini, matanga na nyaya za umeme vina bei inayojulikana na huweza kubadilishwa. Visikuondoe macho kwenye yale niliyotaja. Hakikisha karatasi za umiliki ni kamili, na lipia mkaguzi wako mwenyewe anayejua mbao, si yule anayependekezwa na muuzaji. Kampuni za bima nyingi zitaudai ukaguzi huo hata hivyo.

Ukishaimiliki, kazi yako ya kwanza ni hewa. Milango ya makabati iwe na matundu, mbao za sakafu ziinuliwe yoti isipotumika, turubai ikinge mvua lakini isizibe upepo. Vitundu vya kupitishia maji ya ngama chini ya mataruma vizibuliwe; mafundi wa zamani walipitisha mnyororo mwembamba humo, ukauvuta huku na huku taka zikatoka, na sijaona njia bora zaidi. Sitaha ya mtiki isuguliwe kwa maji ya bahari na brashi laini, brashi ikipita kwa kukingama na nyuzi za mbao, si kuzifuata. Mashine ya maji ya kasi inachimba sehemu laini ya mbao na kuacha mifereji. Ubavu upake rangi nyeupe au nyepesi. Rangi ya giza hula jua, mbao zikakauka na mishono kati ya ubao na ubao ikafunguka.

Usiiache nchi kavu muda mrefu kwenye joto. Ikishakauka, mishono itapanuka, na hapo ndipo watu huharibu chombo kwa nia njema: wanajaza kila ufa kwa dawa ngumu au wanagongea pamba mpaka haiendi tena. Mbao zikirudi majini huvimba, hazina pa kwenda, zikapondana kingo au kusukuma mataruma hadi yakapasuka. Kalafati, yaani pamba inayogongewa kwenye mishono, iwe ya wastani, na dawa ya mshono ibaki laini. Siku ya kuishusha majini itavuja, hilo ni la kutarajiwa. Iache ikining'inia kwenye mikanda ya kreni usiku kucha kama inawezekana, pampu mbili zikiwa tayari, na mtu awe karibu. Uvujaji ukipungua kila baada ya saa kadhaa, mbao zinafunga.

Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini isikwanguke hata kidogo, zaidi sana chini ya mkuku pasipoonekana. Teredo, ambaye watu humwita mnyoo ingawa yeye ni wa jamii ya chaza, huingia kwa tundu dogo kama la sindano akiwa mchanga, kisha hukua ndani ya mbao. Nje huoni kitu.

Weka daftari karibu na pampu. Andika kila siku imevuta mara ngapi, hali ya bahari ilikuwaje, na kama mvua ilinyesha. Namba ikipanda siku ya mvua na bahari imetulia, rudi kwenye sitaha. Ikipanda ukiwa unasafiri upande mmoja wa upepo tu, kagua mishono ya ubavu uliolalia maji na vyuma vya mlingoti vya upande wa pili, vinavyovutwa.