Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Ofisi Nyumbani, Lamu

Kabla hujaingiza kazi ya ofisi katika nyumba yenye watoto, wageni na chungu kisichoteremka jikoni, chagua pembe moja ya kazi, uwaarifu wote wa nyumbani, na usiihamishe kila wiki. Meza isiwe njiapanda baina ya kiwanda, yaani ua wa ndani, na ngazi. Nyaya zipite juu ukutani. Faili za kompyuta ziwe na nakala mbili, moja ikae nje ya nyumba, kwa sababu umeme unaokatika na kurudi ghafla huharibu mashine.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambazo ndizo zilizonitesa.

Nilipoanza kuandika hesabu za nyumba za wageni nikiwa nyumbani, mtaa wa Mkomani, niliziona zidaka za chumba cha ndani, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, kuwa ni kabati nililoachiwa na wazee. Nilipanga humo bahasha za risiti, mikataba, na hati ya kiwanja cha marehemu baba, kila mteja na kidaka chake, na nikaona fahari kwa mpango huo. Masika yakaingia. Mwezi wa Juni, siku chache kabla ya tarehe 30 ambayo ni mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, nikavuta bahasha ya kwanza, na karatasi zikatoka zote pamoja, zimeshikana kama tofali. Kwa siku tatu shangazi yangu alikaa nami darini, kila mmoja na kisu butu mkononi, tukibandua karatasi moja moja na kuzianika mkekani, tukizikandamiza kwa vijiwe zisichukuliwe na kusi. Wino wa mihuri ulikuwa umehamia karatasi ya jirani. Hati ya baba ilikatika kwenye mkunjo, namba ya kiwanja ikabaki nusu huku na nusu kule.

Fundi wa chokaa niliyemwita aliupapasa ukuta, akanionyesha unga mweupe wa chumvi kiganjani mwake. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, yanayonyonya maji kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukuta wetu wa nje ulikuwa umepigwa saruji miaka ya nyuma. "Mwanangu, mawe haya hupumua," aliniambia, "nanyi mumeyaziba pua." Maji yaliyokosa njia ya kutokea nje yalitokea ndani, kwenye zidaka zangu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hata faili moja, pitisha kiganja ukutani alfajiri wakati wa masika. Kikitoka na unyevu au unga, pembe hiyo haifai karatasi, hata ikiwa nzuri namna gani. Rafu iachane na ukuta kwa shubiri moja, na isimamie miguu, si sakafu. Sanduku la plastiki lenye mfuniko ni zuri, lakini usifungie ndani yake karatasi yenye unyevu, kwani itaota ukungu humo humo. Kaskazi ya Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu, toa kila kitu ukianike kivulini. Risiti za mashine zipige picha siku ile ile unayozipokea, maana maandishi yake hufutika kwa joto, na sheria ya kodi inakutaka uweke kumbukumbu zako kwa miaka 5. Hati za ardhi, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa visichanganywe kamwe na karatasi za kazi. Viwe na mfuko wao, na mtu mzima wa pili nyumbani ajue ulipo.

Angalia pia mchwa kwenye boriti zilizo juu ya rafu. Usiweke mtungi wa maji juu ya meza ya kazi. Ufunguo wa kabati usining'inie mlangoni, na dirisha la upande wa bahari lifungwe kabla hujatoka, hata kama unakwenda sokoni tu.