Mbwa abaki kwao: namna ya kubuni programu ya simu ya kuwasaidia wafugaji waliokwama Goma

Mtu anayemfungua mbwa wake usiku na kwenda kumwacha mtaa wa Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mara nyingi hajamchoka. Unga umepanda bei, mwenye nyumba amesema mbwa atoke, mtoto wa jirani ameumwa, au familia inahama kesho na gari halina nafasi. Shida hiyo ina jina, na mara nyingi ina bei. Kuilipa ni rahisi kuliko kumtafutia mnyama kwao kupya. Programu inayofaa Goma ni ile inayoitambua shida ndani ya dakika mbili na kumfikishia habari mtu anayeweza kujibu ndani ya siku moja. Ukikosa mtu huyo, usiijenge.

Anza na daftari

Chagua kartye (mitaa) mbili tu, tuseme Ndosho na Majengo. Weka namba moja ya simu, watu wawili wa kujibu, na daftari lenye safu saba: tarehe, kartye, mnyama, shida, siku zilizobaki, ulichotoa, na kama mnyama yupo bado siku ya 30. Fanya hivyo kwa wiki 6, au hadi ufikishe kesi 40. Shida iandikwe kwa maneno ya mwenyewe. Mama akisema "anamaliza bukari ya watoto", yaani ugali wao, usimgeuzie ikawa "upungufu wa chakula". Maneno hayo ndiyo utakayoyaweka kwenye vitufe baadaye, na watu watayatambua kuwa yao.

Katika wiki hizo hizo tafuta watu wa kujibu: daktari wa mifugo aliyekubali bei kwa maandishi, duka linalouza unga na sambaza kavu (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), na familia 5 zilizo tayari kumpokea mnyama kwa siku 30. Programu isiyo na watu hao inadhuru kweli. Mwenye mbwa husubiri jibu lako siku 3 ambazo angezitumia kumwomba shemeji yake.

Maswali sita, basi

Mnyama gani. Nini kimetokea (picha sita: sahani, sindano, nyumba, mizigo, watoto wa mbwa, meno). Una siku ngapi kabla ya kumtoa. Uko kartye gani. Tukupigie namba ipi na saa ngapi. La sita ndilo kubwa kuliko yote: "Ungepata nini leo ili abaki nawe?" Acha nafasi ya kuandika au kurekodi sauti ya sekunde 30, kwa sababu wengi husema vizuri kuliko wanavyoandika.

Usiulize mshahara, wala usiombe picha ya kitambulisho. Usiweke sentensi yoyote yenye harufu ya lawama, hata ile ya upole kama "kumbuka mnyama ni jukumu lako". Aliyefungua programu hii tayari amelala na wazo hilo. Mtu akilaumiwa anafunga simu, na mbwa analipia.

Swali la siku zilizobaki ndilo linalopanga foleni. Siku 0 hadi 2 ipigiwe ndani ya saa 4. Siku 3 hadi 7, siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, ndani ya saa 48. Usipange kwa nani aliandika kwanza.

Sahani: hesabu ya chakula

Hapa programu inaweza kufanya kazi yenyewe, hata bila mtandao. Kanuni ya madaktari wa mifugo ni hii: chukua uzito kwa kilo, uupandishe kwa kipeo cha 0.75, uzidishe kwa 70, kisha kwa 1.6 kwa mbwa mzima aliyehasiwa. Mbwa wa kilo 8 anahitaji karibu kilokalori 530 kwa siku, wa kilo 15 karibu 850, wa kilo 25 karibu 1,250. Wachache wana mizani ya mbwa, kwa hiyo onyesha picha tatu za ukubwa na umwache mtu achague.

Kwa yule wa kilo 15, siku moja ni gramu 150 za unga wa mahindi zilizopikwa bukari, gramu 60 za sambaza kavu, na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta. Kwa mwezi ni kilo 4.5 za unga, karibu kilo 1.8 za sambaza, na nusu lita ya mafuta. Sambaza nzima huleta pia kalisi kutoka kwenye mifupa yake. Kama ni ya chumvi, iloweshwe na maji yamwagwe. Hiki ni chakula cha kuvusha wiki ngumu, na programu iseme hivyo waziwazi. Isitoe vipimo hivi kwa watoto wa mbwa: wao huhitaji karibu mara mbili kwa kila kilo ya uzito, na hesabu hiyo aifanye mtu.

Paka mweke kando kabisa. Paka hawezi kuishi kwa bukari. Asipopata nyama au samaki hukosa taurini, na baada ya miezi moyo huharibika na macho hupofuka. Kitunguu, kitunguu saumu na mifupa iliyopikwa viandikwe kwa rangi nyekundu kwa wanyama wote.

Kosa la kawaida ni vipimo. Ukisema gramu, mtu atapima kwa kikombe au kwa kopo la maziwa la Guigoz, na kopo lililojazwa kilima si sawa na lililopanguswa. Nenda dukani na mizani, pima kopo lililopanguswa la unga na la sambaza, kisha andika vipimo vya kopo ndani ya programu.

Nyumba

Kesi ya mwenye nyumba haimalizwi na kitufe. Programu inakusanya tu namba yake na ruhusa ya kumpigia, kisha mtu mzima anayejua kuongea anampigia kwa heshima, "Papa, jambo", na kumwuliza anaogopa nini hasa. Majibu huzunguka kinyesi, kelele za usiku na kuuma. Andaa ukurasa mmoja wa makubaliano unaojazwa na kuchapishwa: mbwa ana kadi ya chanjo, kinyesi kinaokotwa kila asubuhi, saa za kufungwa na kufunguliwa, nani analipa akiharibu kitu na hadi kiasi gani. Sahihi tatu.

Jambo moja la hapa kwetu lazima liwe ndani ya maelekezo ya kumfunga mbwa: mazuku. Gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa, hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa kimya. Mbwa pua yake iko chini, tena amefungwa hawezi kukimbia. Kibanda kisiwekwe kwenye shimo la mawe wala nyuma ya ukuta ulio bondeni.

Meno

Mtu akigusa picha ya meno, swali la kwanza ni "Ameuma mtu?" Jibu likiwa ndiyo, maswali mengine yasimame na ukurasa huu ufunguke papo hapo bila mtandao: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda kituo cha afya leo ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, usimuue mbwa, mfunge na umwangalie siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku ya kuuma ataonyesha dalili au atakufa ndani ya siku hizo 10. Mtu asisubiri siku hizo ziishe ndipo atafute chanjo.

Picha ya watoto wa mbwa impeleke mtu kwa daktari kwa ajili ya kuhasi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike hurudi kwenye joto karibu kila miezi 6, kwa hiyo weka kikumbusho.

Simu zenyewe

Jenga kwa Android, ikae chini ya megabaiti 8, ifanye kazi kwenye simu ya RAM ya giga 1. Watu watapeana programu simu kwa simu ili kuokoa mega za intaneti, kwa hiyo faili moja liwe kamili na lisihitaji kupakua kitu kwanza. Ufunguo wa kutia saini programu, yaani faili la siri linaloithibitishia simu kwamba toleo ni lako, uwe na nakala mbili sehemu mbili tofauti. Ukiupoteza, simu zitakataa toleo jipya juu ya la zamani, kila mtu atalazimika kufuta programu, na yaliyokuwa ndani yatapotea.

Kila ombi liandikwe kwanza ndani ya simu, lipewe namba ya pekee, kisha liingie foleni ya kutumwa. Seva ikiona namba hiyo mara ya pili, ipuuze. Bila hivyo mtandao unaokatika utakuletea ombi moja mara tano, na watu wako watapiga simu tano. Picha ipunguzwe hadi upande mrefu wa pikseli 800, karibu kilobaiti 100, na itumwe baada ya maandishi.

Jibu liende kwa SMS, kwa sababu mega zinaisha. SMS moja ina herufi 160, lakini herufi moja tu iliyo nje ya orodha ya msingi ya herufi za SMS huishusha hadi 70 na gharama inaongezeka. Kwa Kifaransa "é" na "è" zimo, "ê" na "ô" hazimo. "Hôpital" pekee inatosha kukuharibia. Kwa Kiswahili hatari ni alama iliyopinda katika "ng’ombe". Tumia ile iliyonyooka. Mfano unaotosha, herufi 139:

"Jambo. Tumepokea ombi lako 214 juu ya mbwa wako. Mtu wetu atakupigia leo kabla ya saa 12 jioni. Namba yake inaishia 37. Usilipe mtu yeyote."

Ona kwamba ujumbe huo hautaji njaa wala deni. Simu nyingi zinashikwa na watu wengi nyumbani.

Namba ya simu usiifanye kitambulisho. Mtu ana laini mbili au tatu, pengine moja ya Rwanda, na laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Tumia namba ya ombi na PIN ya tarakimu 4. Asiyejibu hajakata tamaa: huenda simu iko kwenye kibanda cha kuchajia. Piga mara tatu, saa tofauti, katika siku mbili, ndipo ufunge kesi.

Habari za watu na pesa

Orodha ya nyumba zenye mbwa ni orodha pia ya nyumba zitakazobaki bila mlinzi, hasa ukiandika ni nani anamtoa mbwa lini. Kwa hiyo usihifadhi nukta ya ramani. Kartye inatosha. Alama ya njia, kama "nyuma ya kanisa, ukitoka Instigo", iandikwe na anayejibu na ifutwe kesi ikifungwa. Familia pokezi zisionekane kwa yeyote ndani ya programu.

Pesa taslimu usitume. Toa msimbo wa tarakimu 6 unaotumika mara moja katika duka au kwa daktari, unaokufa baada ya siku 7, na wewe umlipe muuzaji kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Weka kikomo kwa kila kesi kabla ya siku ya kwanza. Kila kiasi kihifadhiwe pamoja na sarafu yake, franka au dola, kama kilivyolipwa. Ukikihifadhi kimebadilishwa, baada ya miezi mitatu hesabu hazitakubaliana na risiti.

Siku ya kuhama

Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 jioni, na tarehe 27 Mei kartye 10 za mji ziliamriwa kuhama. Watu walikwenda Sake, Rwanda, na kwa boti hadi Bukavu. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, umeme na intaneti vilikatika na benki zikafungwa. Programu isiyofikiria siku kama hizo haijafikiria Goma.

Kwa hiyo kila anayejiandikisha aulizwe mapema: ukihama, mnyama anakwenda na nani? Chanjo ya kichaa cha mbwa ipewe wakati mji umetulia, maana kinga huchukua wiki tatu hivi kukaa mwilini. Kamba ya mita 2, kadi ya chanjo ndani ya mfuko wa plastiki, na unga wa siku 3 vikae mahali pamoja. Kama haiwezekani kuondoka naye, maelekezo yawe mafupi: mfungue, usimwache kwenye mnyororo, mwachie maji ndoo mbili, mwambie jirani anayebaki.

Na kila Jumamosi mtu mmoja achape orodha ya kesi zilizo wazi na familia pokezi, nakala mbili, zifungwe kwenye bahasha. Moja ikae kwa daktari, nyingine kwa anayejibu simu. Bahasha ya wiki iliyopita ichomwe.